Mwalimu wa Nyumba za Maboksi

Wanafunzi walimwita Madam Mugeni, na wazazi pia, hata wale waliomzidi umri. Jina lake la ubatizo ni Kate, lakini katika miaka yote niliyofundisha naye kwenye shule yetu ya msingi, nje kidogo ya Lumino, huku Uganda karibu na mpaka wa Kenya, sikumsikia mtu akilitumia isipokuwa dada yake alipopiga simu. Yeye alifundisha sayansi madarasa ya juu, mimi nilifundisha hesabu. Vyumba tulivyoishi palepale shuleni vilitenganishwa na ukuta mmoja, kwa hiyo nilijua anapopika, nilijua anaposahihisha madaftari, na baadaye nilijua pia anapolia, ingawa hilo la mwisho hatukulizungumza hata siku moja.

Alizaliwa hapohapo Lumino. Baba yake alikuwa fundi wa baiskeli, Msamia mpole ambaye mikono yake haikuwahi kutakata grisi. Alipokuwa Darasa la Saba, kwenye mtihani wa taifa waliambiwa wachore mzunguko rahisi wa umeme, na Mugeni akauchora vizuri kabisa, betri, swichi, balbu, mishale na yote. Siku chache baadaye tochi ya nyumbani ikazimika. Baba yake akampa, akamwambia, "Wewe ndiye msomi, hebu itazame." Akaifungua. Ndani mlikuwa na betri, kipande cha bati na kibalbu kidogo, naye hakujua hata kimoja ni kipi katika ule mchoro wake. Baba yake alicheka sana. Mugeni hakucheka.

"Nilikuwa nimefaulu kitu nisichokijua," aliniambia mara moja tukiwa tunakunywa chai ofisini. "Mwalimu wangu alikuwa mtu mzuri, lakini alituchorea ua ubaoni, na nje ya dirisha kulikuwa na maua ya kweli. Hakuna aliyetoka kuyaangalia."

Basi alipokuwa mwalimu, akaapa kutofundisha hivyo. Darasani kwake hukuandika kitu kabla ya kukishika. Watoto walikata chupa za plastiki, wakajaza changarawe, mchanga na mkaa, wakamimina maji ya kinamasini na kungoja yatoke yakiwa meupe. Walipanda maharagwe kwenye makopo, mengine wakayaweka juani, mengine kabatini mwa mwalimu mkuu, na kabati likanuka udongo muhula mzima. Ilikuwa kelele tupu. Nikifundisha hesabu za sehemu katika chumba cha pili, watoto wangu walikuwa wakigeuza shingo kusikiliza vicheko vya ng'ambo ya ukuta.

Mwalimu mkuu wetu, Bwana Odoi, mtu wa Tororo, hakuwa mbaya. Alikuwa mwoga wa matokeo tu. "Madam," alimwambia mara kwa mara, "mtihani ni wa kuandika. Hakuna karatasi itakayomuuliza mtoto amepanda nini kwenye kopo."

"Akijua, ataandika," Madam Mugeni alijibu.

Kati ya wanafunzi wake wa Darasa la Sita alikuwapo msichana aitwaye Norah. Alikuwa mrefu, mwembamba, mkimya darasani, lakini kengele ikilia na wenzake wakikimbilia uji, yeye alibaki na swali. Baba yake alikwisha kufariki. Mama yake aliuza dagaa katika soko la Busia, ng'ambo ya mpaka, wale dagaa ambao huku Uganda tunawaita mukene na ukivuka geti tu wanaitwa omena. Siku za soko kubwa Mama Norah hakuweza kubeba magunia peke yake, kwa hiyo Norah alikosa shule, akavuka naye alfajiri na kurudi jioni akinuka samaki. Madam Mugeni alilalamika, mama akaomba radhi, na wiki iliyofuata ikawa vilevile. Watu walipaswa kula.

Muhula wa pili wa mwaka ule walifika kwenye somo la umeme. Madam Mugeni akawaambia kwamba kila kundi litajenga nyumba kwa boksi la katoni, na nyumba hiyo lazima iwe na taa inayowaka na kuzimika, na Siku ya Wazazi zitapangwa mezani, wazazi waone. Alivuka mpaka mwenyewe akanunua vibalbu vya tochi. Nyaya zilitoka kwenye maredio mabovu. Betri waliombwa watoto walete za nyumbani, zile ambazo bado zina nguvu kidogo.

Sijawahi kuona watoto wakishughulika vile. Walikata madirisha kwa wembe. Walipaka kuta rangi ya mkaa na majani. Swichi zao zilikuwa vifuniko vya soda. Siku taa ya kwanza ilipowaka, kelele zilinitoa darasani nikaenda kuona kuna nini, na wanafunzi wangu wakanifuata, nikawaacha.

Norah hakuridhika na taa moja. Nyumba ya kundi lake ilikuwa na vyumba viwili, naye akataka kila chumba kiwe na taa yake. Alipounganisha balbu ya pili, zote mbili zikafifia, zikawa nyekundu kama makaa yanayokufa. Akamwendea mwalimu.

"Madam, kwa nini zinachoka?"

"Wewe unaonaje?"

"Naona zinagawana."

"Basi tafuta njia zisigawane. Sikuambii."

Norah alikaa na nyaya zile muda wote wa mapumziko, na kesho yake pia. Alizifungua na kuzifunga, mpaka akagundua kwamba kila balbu ikipewa njia yake yenyewe kutoka kwenye betri, zote zinawaka sawa. Hakupiga kelele. Alikuja hadi ofisi ya walimu amebeba lile boksi kwa mikono yote miwili, akaliweka mbele ya Madam Mugeni na kubonyeza kifuniko cha soda. Vyumba viwili vikang'aa. Nilimtazama mwenzangu. Uso wake ulikuwa uso wa mtu aliyelipwa kila alichowahi kudai.

Somo lililofuata lilikuwa la hatari. Madam Mugeni aliwatoa watoto nje, wakasimama kando ya barabara chini ya nguzo za umeme, akawaonyesha nyaya. Akawaambia kwamba umeme wa betri ni kama maji ya kikombe na ule wa juu ni kama mto uliofurika, kwamba ni kitu kimoja lakini mmoja unaunywa na mwingine unakuchukua. Akawafanya warudie. Hata mimi nilisikia sauti zao kutoka darasani: "Wa ukutani hatugusi! Wa nguzoni hatugusi!"

Siku ile ilikuwa siku ya soko. Norah alikuwa Busia.

Aliporudi shule, Ijumaa, ilikuwa siku ya michezo na hakukuwa na vipindi. Alimfuata Madam Mugeni uwanjani, akamweleza kwamba betri za kundi lao zimekufa na Siku ya Wazazi imekaribia. Madam alikuwa na firimbi mdomoni, anasimamia mbio za wadogo. Akamwambia achukue boksi aende kulimalizia nyumbani. "Betri chukua za tochi ya mama," alisema. Alikumbuka kwamba mtoto huyu hakuwapo siku ya nguzo. Alikumbuka palepale, aliniambia baadaye. Akasema moyoni atamweka kando Jumatatu amweleze. Kisha watoto wawili wakagongana kwenye mstari wa mwisho, mmoja akatoka damu puani, akakimbilia huko.

Mama Norah alipanga chumba nyuma ya maduka ya senta, kituo chetu kidogo cha biashara. Mbele yake kulikuwa na kibanda cha Hudson, kijana tajiri kidogo aliyechaji simu za watu na kuonyesha mpira. Hudson alikuwa amevuta waya kutoka kibandani kwake mpaka saluni ya binamu yake upande wa nyuma, na waya huo ulipita juu ya ua wa Mama Norah, ukining'inia chini kiasi kwamba nguo zilianikwa kando yake. Mahali palipounganishwa palifungwa mfuko wa plastiki. Kila mtu aliujua waya ule. Watu waliinama wakipita, wakaendelea na mambo yao.

Jumamosi mchana mama alikuwa sokoni. Betri za tochi nazo zilikuwa zimekufa. Norah alikaa uani na nyumba yake ya boksi, akafikiri. Alijua umeme unapita kwenye shaba. Alijua unahitaji njia ya kwenda na njia ya kurudi. Alijua kwamba ndani ya waya ule mna nyaya mbili, kwa sababu aliwahi kumtazama fundi akiuunganisha. Yote aliyojua yalikuwa sahihi. Alisimama juu ya kigoda, akafungua mfuko wa plastiki.

Mwanamke wa saluni ndiye aliyemwona. Alipiga mayowe, mtu akazima swichi kibandani kwa Hudson, na Norah akaanguka.

Mtoto mmoja alikuja mbio shuleni kutuita. Bodaboda moja ilitubeba wote wawili, mimi na Madam Mugeni, mpaka kituo cha afya, na tulipofika walikuwa tayari wanamwingiza Norah kwenye gari la kumpeleka hospitali Tororo. Mkono wa kulia ulikuwa umefunikwa kitambaa. Madam alipanda gari lile bila kuulizwa na mtu. Mimi nilivuka mpaka kumtafuta mama yake, nikamkuta anapima dagaa. Nikamwambia, "Mama Norah, funga magunia." Akanitazama usoni, akaacha magunia wazi, tukaenda.

Mkono haukuweza kuokolewa. Daktari alieleza kwamba nyama ilikwisha kufa kutoka ndani, na wakaukata chini kidogo ya kiwiko.

Nilikwenda kumwona Norah pamoja na Madam Mugeni alipokwisha kupata nafuu kidogo. Kitanda chake kilikuwa karibu na dirisha, na nje ungeweza kuona ule mwamba mkubwa wa Tororo umesimama juu ya mabati ya mji, mawingu yameufunika kichwa. Mama alikuwa ameketi chini kwenye mkeka. Madam alisimama miguuni pa kitanda, hawezi kusogea karibu.

Norah ndiye aliyezungumza kwanza. Sauti yake ilikuwa ndogo.

"Madam, iliwaka."

Akageuza kichwa kwenye mto amwone vizuri.

"Iliwaka nyeupe sana. Halafu ikapasuka. Kwa nini ilipasuka?"

Madam Mugeni aligeuka, akatoka. Nilimkuta kwenye kibaraza ameshika ukuta kwa mikono yote miwili. Punde Mama Norah akatoka pia. Nilidhani amekuja kumtukana, na nadhani Madam alitamani iwe hivyo.

"Madam, mimi hapana kasirika na wewe," Mama Norah alisema kwa kile Kiswahili chake cha sokoni. "Lakini nasema kitu moja. Watoto wengi nakaa pale senta. Waya iko pale kila siku. Hakuna mtoto alishika. Mtoto yangu alishika kwa sababu yeye alielewa. Kama hangeelewa, mkono ingekuwa hapa." Akagusa mkono wake mwenyewe. "Wewe ulifundisha yeye vizuri sana."

Akarudi ndani. Hakusema kwa ubaya. Hilo ndilo lililomkaa Madam Mugeni kama mfupa kooni.

Siku ya Wazazi haikufanyika. Badala yake ukaitishwa mkutano, na darasa likajaa mpaka watu wakasimama madirishani. Aliyezungumza kwa sauti kubwa kuliko wote alikuwa Hudson. Waya wake ulikuwa umekwisha kuondolewa, hata misumari ilikuwa imeng'olewa. Akasimama amevaa shati jeupe, akauliza ni serikali gani iliyomruhusu mwalimu kuwapa watoto wadogo nyaya wachezee. "Sisi tunaleta watoto wasome," alisema. "Hatuleti watoto wawe mafundi." Watu wakapiga makofi. Wengi wa waliopiga makofi walichaji simu zao kwake.

Nilisimama nikataja waya. Nikasema uliokuwa unaning'inia haukuwekwa na mwalimu. Mzee mmoja akasema kwamba hayo ni mambo ya senta, hapa tunazungumza mambo ya shule, na Bwana Odoi, ambaye jasho lilikuwa likimtoka, akakubaliana naye upesi. Madam Mugeni alipopewa nafasi aseme, alisema maneno machache tu. Kwamba ni kweli, alimpa mtoto vifaa kabla ya kumwonya, na anaomba msamaha kwa mama yake.

Usiku uliofuata nilimuuliza kwa nini hakutaja waya.

"Wanaujua," alisema. "Ningeutaja, ningekuwa natafuta mahali pa kuuweka mzigo. Mwache Hudson na mzigo wake."

Bwana Odoi akapiga marufuku kushika kitu chochote katika vipindi vya sayansi. Nyumba za maboksi zilikaa stoo wiki kadhaa, mchwa wakaanza kuzila, kisha mpishi akaombwa azitumie kuwashia moto wa uji. Watoto walijua. Walipanga foleni na vikombe vyao bila kelele.

Tangu hapo Madam Mugeni alifundisha ubaoni. Alichora, watoto wakanakili. Aliwapa maswali ya miaka iliyopita, wakakariri majibu. Chumba kikawa kimya kiasi kwamba nilisikia chaki yake kupitia ukutani. Na mwaka uliofuata darasa lile lilipofanya mtihani wa taifa, matokeo ya sayansi yakawa mazuri kuliko yote tuliyowahi kuyapata. Ofisa mmoja wa elimu alikuja kutupongeza. Wazazi wakachinja mbuzi. Bwana Odoi akampa Madam Mugeni mkono mbele ya watu wote, akasema, "Mnaona sasa?" Alipokea ule mkono. Kwenye sherehe alikula vizuri, akacheka walipocheka wengine. Nilimwona akiyatazama majina ubaoni, na nilijua lipi alikuwa akilitafuta ingawa alijua kwamba halimo.

Maana Norah hakurudi shule. Mwanzoni Madam alikwenda kwao kila Jumamosi kumfundisha kuandika kwa mkono wa kushoto. Herufi zilitoka zimelala upande, Norah akiuma ulimi kwa bidii, na polepole zikaanza kusimama. Lakini watoto wa senta walimpa jina baya, na mama alichoka kulisikia. Siku moja Madam alikuta kufuli mlangoni. Walikuwa wamehamia upande wa Kenya, kwa dada wa mama.

Aliwatafuta muda mrefu. Alipompata Norah, ilikuwa ni sokoni Busia, mchana wa jua kali, na mimi nilikuwapo kwa sababu tulikuwa tumekwenda kununua sabuni. Msichana alikuwa amekuwa mkubwa. Alikuwa akipima omena kwa kopo, amelibana kopo kati ya magoti, anajaza kwa mkono wa kushoto haraka kuliko wenye mikono miwili. Mkono wa kulia aliuficha ndani ya sweta.

"Shikamoo, Madam," alisema. Shuleni kwetu hakuna aliyeamkia hivyo; huko Kenya alikuwa amejifunza shikamoo, au labda aliitafuta kwa ajili ya siku ile.

"Marahaba, mwanangu. Hujambo?"

Wakaulizana habari. Madam akamwambia kwamba kuna shule Busia inayopokea watoto waliopitwa na umri, kwamba ameongea na mwalimu wa hapo, kwamba mambo ya sare atayashughulikia yeye. Norah alisikiliza kwa heshima mpaka mwisho.

"Asante, Madam. Lakini hapa niko sawa."

"Una akili, Norah."

"Najua," alisema, bila majivuno, kama mtu anayekubali kwamba ana pumu.

Mteja akaja, akahudumiwa, akaondoka. Norah akafuta mkono kwenye leso. Kisha akainua macho juu, upande wa barabara ambako malori hupanga foleni kungoja kuvuka. Nyaya za umeme zilipita pale, na ndege wadogo walikuwa wameketi juu yake, mstari mrefu.

"Madam, kuna kitu nauliza kila siku na hakuna mtu anajua. Hawa ndege. Wanakaa juu ya waya yenyewe, na hawafi. Kwa nini?"

Nilimwona Madam Mugeni akitazama juu. Jibu alikuwa nalo, hata mimi wa hesabu nalijua. Na ninajua aliona kile nilichokiona mimi, kwamba uso wa yule msichana kwa muda ule mfupi ulikuwa uleule wa ofisini siku ya vyumba viwili.

"Sijui, Norah," alisema.

Norah alimtazama. Alikuwa amekaa na mwalimu huyu miaka, akamjua. Aliona kwamba si kweli. Akashusha macho, akachukua kopo lake. "Sawa, Madam," alisema. "Wasalimie walimu shuleni." Na akamgeukia mteja mwingine.

Tulivuka mpaka bila sabuni. Njiani sikuweza kunyamaza, nikamuuliza kwa nini hakumjibu mtoto wa watu.

"Ningemjibu, angeuliza lingine," alisema. "Na hilo lingine angeenda kulijaribu."

"Pengine angerudi shule."

"Pengine." Alitembea hatua kadhaa. "Niliwahi kuwa na hakika ya mambo, Mwalimu. Sasa sina."

Mwisho wa mwaka aliomba uhamisho. Wakampeleka Iyolwa, shule ya mashambani, na yeye mwenyewe akaomba asipewe sayansi. Anafundisha watoto wa Darasa la Kwanza kusoma na kuandika. Nilimtembelea mwezi uliopita. Amenenepa kidogo, nywele zimeanza mvi, na watoto wanampenda kama walivyompenda wale wa Lumino, wanamng'ang'ania sketi. Tulikaa kwenye benchi nje ya ofisi tukala karanga za kukaanga. Aliniuliza habari za kila mtu, Bwana Odoi, mpishi, mpaka mbwa wa shule. Nikamwambia kwamba nimemwona Norah sokoni, ana meza yake mwenyewe sasa. Akamenya karanga nyingine, akanipa.

Kengele ilipolia, alikung'uta maganda ya karanga kwenye sketi, akaniaga na kuingia darasani. Nilibaki pale nikingoja bodaboda yangu. Alianza kuwasomesha herufi, yeye anasema, wao wanaitikia, a, e, i, o, u, sauti zote pamoja, tena na tena, na hakuna mtoto aliyeuliza kitu.